Mshahara wa Haki Hupimwa kwa Jiwe Gani?

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kisumu



Halmashauri ilitutaka tuseme maneno machache juu ya mishahara ya watu wa kima cha chini, nasi tulikubali kwa kuwa jambo hilo limo katika kila ukurasa wa taarifa hii ya mwaka, ingawa halikuandikwa kwa jina lake. Tazameni hesabu ya michango ya mazishi. Tazameni orodha ya wazazi waliotuomba mkopo wa karo. Tazameni majina ya wanachama waliochelewa kulipa ada. Wengi wao si wavivu, wala si walevi, wala hawakukosa kazi. Kazi wanazo, huamka kabla ya jogoo kwenda kuzifanya, na mwezi ukiisha hulipwa. Lakini walicholipwa hakiwafikishi mwezi wa pili.

Swali letu basi si kama mishahara iongezwe. Kila mtu apenda mshahara uongezwe, na kila tajiri apenda usiongezwe, na katika mabishano hayo hakuna la kujifunza. Swali ni hili: mtu anaposema kwamba mshahara fulani ni wa haki, ameupima kwa jiwe gani? Wale kati yetu waliokaa sokoni Kibuye wanajua kwamba hila haimo katika mizani. Imo katika jiwe. Mizani yaweza kusimama sawasawa kabisa, na mnunuzi akarudi nyumbani amepunjwa.

Jiwe la kwanza lililotumika katika nchi yetu lilikuwa kodi. Reli ilipofika ufuoni hapa Desemba 1901, na mahali hapa pakaitwa Port Florence, serikali ya wakoloni ilihitaji watu wa kufanya kazi. Haikuwauliza wanahitaji kula nini. Iliwatoza kodi ya nyumba kwa fedha, na aliyetaka kuipata fedha hiyo ilimpasa aende relini, au bandarini Mombasa, au kwenye mashamba ya walowezi. Mshahara ulitosha ikiwa ulilipa kodi na kumwachia mtu kitu kidogo cha chumvi na nguo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kodi ilipandishwa ikafika shilingi 16, na mwaka 1921 walowezi wakaafikiana kukata mishahara kwa theluthi moja. Mkono mmoja ulizidisha, na mwingine ukapunguza. Desemba ya mwaka huo huo watu wetu walikusanyika Lundha, Gem, kutoa malalamiko yao, na mkusanyiko ule ukaitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema. Kodi ilishushwa baadaye ikawa shilingi 12. Mwaka 1923 kikaanzishwa chama cha walipa kodi wa Kavirondo kwa ajili ya ustawi wao, Archdeacon Owen akiwa kiongozi wake. Twakitaja kwa sababu vyama kama hiki chetu ni wajukuu wa chama hicho.

Jiwe la pili lilikuwa mwanamume mseja, nalo ndilo twataka kukaa nalo kidogo, maana halijatupwa bado.

Serikali ilipoanza kuweka kima cha chini cha mshahara mijini, ilikadiria mahitaji ya mtu mmoja: chakula chake, kuni na taa yake, sabuni yake, nguo zake, na mahali pa kulala. Mke hakuwamo. Watoto hawakuwamo. Hoja ilikuwa kwamba mke na watoto wako nyumbani, na shamba litawalisha. Kwa macho ya karani wa Nairobi, hoja hiyo ilikuwa safi. Lakini itazameni kutoka upande wa huku. Mama aliyelima mtama Alego au Karachuonyo, akalea watoto, akamuuguza mumewe aliporudi na kifua kibovu, na akampokea alipozeeka na kufukuzwa kazi, huyo ndiye aliyekuwa akilipa sehemu ya mshahara wa kuli wa Mombasa. Kazi yake ilimfaidi tajiri wala jina lake halikuandikwa katika kitabu cha tajiri. Kwa hiyo twasema kwamba mshahara wa mseja haukuwa mshahara mdogo tu. Ulikuwa mshahara uliolipwa na watu wawili, mmoja wao bila kujua.

Wafanyakazi hawakuridhika. Januari 1947 kazi zilisimama Mombasa nzima, bandarini, relini na mahotelini, na watu wa Nyanza walikuwa wengi miongoni mwa waliogoma. Mwaka 1954 ikatoka taarifa ya kamati ya mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Bwana Carpenter, Kamishna wa Kazi. Taarifa hiyo ilikiri kwamba kadiri ya nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kazi za watu binafsi, na kadiri ya robo katika kazi za serikali, walipokea mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya afya, heshima na nguvu za kufanyia kazi. Ikashauri kwamba jiwe libadilishwe: mshahara wa mtu mzima upimwe kwa jamaa yake, na katika muda wa miaka 10 ufike mara mbili na nusu ya kile cha mseja. Kamati haikutoa shauri hilo kwa huruma peke yake. Iliona kwamba mtu mwenye mguu mmoja mjini na mwingine shambani hawezi kuwa fundi hodari, kwa kuwa kila miezi michache hurudi nyumbani, na tajiri huanza upya kumfundisha mwingine. Serikali ilikubali baadhi ya mashauri hayo na kuyatimiza polepole. Wakati huo ndipo kijana wa Rusinga, Tom Mboya, alipokuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, naye hakuchoka kudai mshahara wa kutosha mke na watoto.

Tuyaache ya kale, tuje kwa sheria ya sasa. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Sheria ya Asasi za Kazi ya mwaka 2007 iliweka mabaraza ya mishahara, yenye wajumbe wa wafanyakazi, wajumbe wa waajiri na watu wasio wa upande wowote, ili yamshauri Waziri. Katika mambo ambayo baraza laamriwa kuyatazama, limo hitaji la mfanyakazi na la jamaa yake, na gharama ya maisha. Kisha huja hali ya uchumi, tija, na haja ya kuwapa watu kazi. Mtaona kwamba kwa maneno ya sheria yule mseja amekwisha kuzikwa.

Lakini someni agizo lenyewe. Agizo lililoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024 lilimpa kibarua wa kawaida katika miji mikubwa, Kisumu ikiwa mmojawapo, shilingi 16,113 kwa mwezi. Katika miji iliyokuwa manispaa, shilingi 14,866. Na mahali pengine pote, shilingi 8,596. Kibarua wa shamba alikuwa na agizo lake mbali, naye alipewa pungufu ya hiyo.

Sasa tufanye hesabu ndogo, wazee watusahihishe. Nyumba ya watu sita haikosi kumaliza pakiti moja ya unga ya kilo 2 kwa siku. Tuseme pakiti ni shilingi 150; siku nyingine huwa zaidi, siku nyingine pungufu. Kwa siku 30 ni shilingi 4,500. Kwa kibarua wa Kisumu hiyo ni zaidi ya robo ya mshahara, kabla hajanunua mboga. Kwa kibarua wa Luanda Kotieno, anayebeba mizigo pale kivukoni pa kwendea Mbita, ni zaidi ya nusu. Unga ni ule ule. Sabuni ni ile ile, na imefika huko kwa gari lililotoka hapa Kisumu, hivyo haikosi kuwa ghali kidogo. Kwa nini basi mtu wa pale apewe nusu na kitu tu ya mtu wa hapa?

Tutajibiwa kwamba chumba cha Manyatta au Nyalenda ni ghali, na cha Luanda Kotieno ni rahisi. Ni kweli. Lakini kodi ya nyumba imehesabiwa mbali: agizo lataka mwajiri aongeze asilimia 15 juu ya mshahara kwa ajili ya nyumba, ikiwa yeye mwenyewe hakutoa nyumba. Kama kodi imekwisha kuwekwa kando, tofauti iliyobaki katika mshahara wenyewe ni ya nini? Sisi twaona jibu moja tu lenye uzito. Ni ya shamba. Yadhaniwa bado kwamba mtu wa kijijini ana shamba, na shamba litalisha watoto wake. Yule mseja wa zamani amefufuliwa akavikwa koti jingine.

Na shamba lenyewe liko wapi? Wazee mliokaa hapa mmegawa ardhi kwa mikono yenu. Baba aliyekuwa na ekari nane aliwagawia wana wanne, na wale wanne wakazaa. Leo kijana hupata mahali pa kujenga nyumba na kupanda mistari michache ya mahindi, na mvua za ufuoni kwetu mwazijua. Kumwambia huyu kwamba shamba litamjazia mshahara ni kumwambia ale kivuli cha mti uliokatwa na babu yake.

Hata samaki hawamtoshi mtu wa ufuoni kama wageni wanavyodhani. Mnofu wa mbuta hukatwa viwandani na kupelekwa ng'ambo. Kichwa na mifupa hurudi Obunga, ambako akina mama huvikaanga na kuviuza kwa jina la mgongo wazi. Hatuwalaumu akina mama hao, wamelea watoto kwa kazi hiyo. Lakini mji ulio kando ya ziwa, ambao mfanyakazi wake hununua mifupa, unaeleza habari za mishahara kuliko hotuba yetu.

Jambo la pili ni wakati wa kupandisha. Kwa desturi yetu nyongeza hutangazwa Mei Mosi, uwanjani, bendi ikipiga, nasi hupiga makofi. Mwaka 2017 ilitangazwa asilimia 18, mwaka 2018 asilimia 5. Kisha ikapita miaka minne mizima bila nyongeza, korona ikiwemo ndani yake, mpaka asilimia 12 ya mwaka 2022. Ile asilimia 6 ilitamkwa Mei Mosi 2024, nayo ikaingia katika agizo Novemba. Mwenye duka hakungoja Novemba kupandisha bei ya sukari. Kitu kinachotolewa kama zawadi hutegemea moyo wa mtoaji na mwaka wa uchaguzi. Twapendelea kijulikane kwa tarehe: kila mwaka, siku moja, baraza lipime bei na kutoa hesabu yake hadharani, kiasi kiwe kikubwa au kidogo.

Kuna nchi iliyopata kufanya hivi mapema. Mwaka 1907, huko Australia, jaji aitwaye Higgins aliombwa kuamua kama kiwanda cha mashine za kuvunia kililipa mshahara wa haki. Hakuanza kwa kumwuliza mwenye kiwanda anaweza kulipa nini. Alisikiliza wake za wafanyakazi, waliomweleza nyumba inatumia kiasi gani kwa mkate, nyama, kuni na kodi, kisha akakata shauri kwamba mtu asiye na ufundi, mwenye mke na watoto kadiri ya watatu, apate angalau shilingi 7 za huko kwa siku. Mahakama kubwa baadaye iliitangua ile sheria aliyoitumia, lakini kipimo chake kiliendelea kutumika kwa miaka mingi. Twasifu alivyoanza. Hatusifu kila kilichofuata, kwa maana kwa kuwa kipimo kilikuwa mume mwenye jamaa, wanawake waliofanya kazi walilipwa zaidi kidogo tu ya nusu, ati hawana wa kulisha. Katika vijiji vyetu vya ufuoni, ambako wajane ni wengi na bibi hulea wajukuu yatima, kosa hilo lingeua. Kipimo kiwe nyumba, awe anayeilisha ni mwanamume au mwanamke.

Sasa twajua kwamba wako kati yetu wenye maduka, wenye hoteli ndogo, wenye matatu, na karibu kila mmoja amemwajiri yaya au mtu wa kuchunga ng'ombe. Nao wanatutazama kwa jicho la wasiwasi. Husemwa kwamba mshahara ukipanda kazi zitakwisha, na Kisumu imekwisha kupoteza viwanda vya kutosha. Hoja hii haifai kudharauliwa, na ndiyo maana sheria yenyewe yataka baraza litazame uchumi. Lakini tusiseme kwamba viwanda vyetu viliuawa na mshahara wa kibarua. Kiwanda cha nguo cha KICOMI, kilichoanzishwa miaka ya 1960, kilianguka katika miaka ya 1990 masoko yalipofunguliwa na nguo za nje na mitumba zikajaa. Miwani ilifungwa mwaka 2001, na waliokuwa wafanyakazi wake walidai fedha zao kwa miaka mingi baadaye. Hao walikuwa na kima cha chini kizuri karatasini, wala hakikuwafaa. Mshahara usiolipwa kwa siku yake haufai kuitwa wa haki, uwe mkubwa namna gani.

Kwa hiyo twawauliza wenye maduka hivi: mfanyakazi wako anapopungukiwa, upungufu huo huenda wapi? Hauyeyuki. Huja kwenye dirisha la Mweka Hazina wetu. Yeye huja kuomba karo. Au mtoto wake afa kwa kuchelewa hospitalini, nasi twachanga jeneza. Chakula ambacho tajiri hakukilipa hakikuokolewa. Kimelipwa na wanachama hawa, shilingi mia mia, na pengine na tajiri yuleyule siku ya matanga, akitoa kwa sifa kile ambacho angelitoa kwa haki.

Hapa twafika kwenye jambo ambalo mkutano huu utalipigia kura leo, na ndilo lililoifanya Halmashauri kutuita. Ni lile pendekezo la kuajiri mlinzi wa usiku wa ukumbi, baada ya viti kuibwa. Mnajua kwamba agizo limempa mlinzi wa usiku kima chake, kikubwa kuliko cha kibarua wa kawaida, na juu yake ni ile asilimia 15 ya nyumba. Ukijumlisha na michango ya lazima ya mwajiri, kila mwanachama itampasa aongeze ada. Baadhi ya wazee wetu, kwa nia njema kabisa, wamesema kwamba yuko mzee mmoja mwaminifu wa hapa karibu ambaye angekubali nusu ya fedha hizo, kwa kuwa watoto wake wamekua, na ana shamba kwao.

Kwa heshima zote, wazee wetu, hoja hiyo tumekwisha kuisikia. Ni ile ile ya karani wa Nairobi. Ana shamba kwao. Kukubali kwake hakuthibitishi kwamba fedha zinatosha. Kwathibitisha tu kwamba hana mahali pengine pa kwenda. Tena tukimlipa nusu, chama hiki hakitakuwa na mdomo wa kumwambia mwenye kiwanda neno lolote.

Ziko njia mbili zenye heshima. Tupandishe ada na tumwajiri kwa kima cha agizo, kwa barua, apate na siku zake za kupumzika. Au, kama mkutano waona ada haiwezi kupanda, tusiajiri mtu, tununue makufuli na mlango wa chuma, na vijana wa chama walale ukumbini kwa zamu. Njia ya tatu, ya kumpata mtu kwa nusu, twaomba isiletwe kwenye kura.

Na liko jambo moja dogo la kuongeza. Baraza la mishahara husikiliza wenye hesabu. Vyama vya wafanyakazi vina yao, chama cha waajiri kina yake, lakini bei ya unga ya Luanda Kotieno, ya mkaa wa Kondele, ya omena wa Dunga, na kodi ya chumba kimoja cha Nyalenda, nani anaiandika mwezi kwa mwezi? Sisi tuna matawi katika sehemu hizo zote. Twapendekeza kila tawi lichague watu wawili, na mmoja wao awe mama anayekwenda sokoni mwenyewe, waandike bei za vitu kumi na viwili, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kwa kipimo kile kile na duka lile lile. Mwisho wa mwaka hesabu hizo zichapishwe katika kitabu hiki, na nakala ipelekwe kwa baraza na kwa Wizara ya Kazi. Daftari kumi na nne zimekwisha kupigwa mistari, ziko mezani kwa Bwana Katibu. Wajumbe wa matawi wazichukue kabla ya chakula.